Birika la Mkono wa Kushoto

Mtu akiingia dukani kwa Guek-lang na kuuliza buli lipi ni zuri, hajibiwi. Guek-lang humtazama mikono kwanza, halafu humtupia swali lake la miaka thelathini na sita: "Nani atamimina?"

Siku hizi hata swali hilo analiuliza akiwa ameketi. Duka lenyewe limebanwa katika kichochoro nyuma ya mtaa wa malango ya mawe, mjini Chaozhou, upande mmoja mshona viatu, upande wa pili mama anayeuza vitumbua vya wali. Ndani kuna rafu za mabuli ya udongo mwekundu, madogo hata mtu asiyejua angedhani ni ya watoto kuchezea mapishi. Zamani Guek-lang alizunguka rafu hizo tangu asubuhi hadi jioni bila kuona haja ya kiti. Sasa kiti cha mianzi kimehamia katikati ya duka, na yeye akiinuka lazima awe na sababu.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu aliingia bibi-arusi, mgeni wa kaskazini aliyeolewa mtaa wa pili. Alitaka vyombo kamili vya chai, zawadi ya baba mkwe.

"Nani atamimina?" Guek-lang akauliza.

"Baba mkwe mwenyewe."

"Ana mikono ya namna gani?"

Binti akacheka. "Ya kawaida tu, mama. Miwili."

"Mshukuru Mungu wako. Kazi yake?"

"Alikuwa fundi bomba."

"Vidole vinene, basi." Guek-lang akainuka, maana sababu ilikuwa imepatikana. Akateremsha buli lenye kishikio kipana, akalivua kifuniko, akalipindua juu ya kioo cha meza. Mdomo wa kumiminia, ukingo na kishikio vikagusa kioo kwa pamoja, bila kimoja kuning'inia. Kisha akalijaza maji, akalirudishia kifuniko, akaanza kumimina, na katikati akaziba kwa kidole kile kitundu cha pumzi kilicho juu ya kifuniko. Maji yakakatika. Akaondoa kidole, yakaendelea. "Likikatika hivyo, kifuniko kimekaa. Lisipokatika, hata ukipewa bure, kimbia."

"Nalichukua. Na vikombe vinne."

"Vikombe ni vitatu."

"Lakini nyumbani tuko wanne."

"Hata mngekuwa tisa. Vikombe ni vitatu."

"Sasa wa nne anywe nini?"

"Wa nne atasubiri. Atasema, tangulieni nyinyi, kikombe kitasuuzwa kwa maji ya moto, kitamfikia. Adabu yenyewe ndiyo hiyo. Mkipewa kila mtu chake, mtakuwa mnakunywa maji tu."

Bibi-arusi hakuridhika. Alianza kueleza kwamba kwao kaskazini mtu hanywi kikombe kilichotoka kinywani mwa mwenzake. Mwaka jana Guek-lang angebishana naye hadi adhuhuri na kumshinda, na wote wawili wangefurahi. Siku hiyo alinyoosha mkono, akachukua kikombe cha nne, akakifunga karatasi.

"Haya, chukua. Mzee akinuna, usinitaje."

Nyuma ya pazia la mlango wa ndani, mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyesikia mwiko ukivunjwa. Guek-lang akageuka, akasubiri. Alitamani sana huyo mkohozi atoke amgombeze mbele ya mteja. Hakutoka.

Huyo alikuwa Suan-lim, mumewe. Duka lile lilikuwa la watu wawili: mke alichagua, mume alimimina. Hakuna mteja aliyetoka bila kuketishwa mbele ya sinia la chai karibu na mlango. Suan-lim alishika buli kwa dole gumba na kidole cha kati, cha shahada kikakaa juu ya kifuniko, akalizungusha juu ya vikombe vitatu vilivyogusana, duara baada ya duara, ili pasiwe na kikombe kikali na kingine chepesi, na mwisho akagawa matone moja moja kama mtu anayegawa urithi mbele ya mashahidi. Watu walinunua buli wakidhani watauziwa pamoja na ule mkono.

Mwezi wa kumi kiharusi kikampiga. Hujafa hujaumbika. Maneno yalirudi, mguu ukarudi nusu kwa msaada wa mkongojo, lakini mkono wa kulia haukurudi. Alipojaribu wa kushoto mara ya kwanza, alimmwagia mshona viatu chai ya moto mapajani. Mshona viatu hakulalamika, na majirani waliokuwapo hawakucheka, ingawa hao ni watu wanaocheka hata mazishini. Hilo ndilo lililomuumiza Suan-lim. Akaingia nyuma ya pazia, na majirani nao wakapungua, kwa sababu mjini kwetu unakwenda kwa mtu kunywa chai yake. Mwenye nyumba asipomimina, mgeni hajui atazame wapi.

Mzigo wote ukamwangukia Guek-lang. Aliamka, akapika uji wa wali, akamlisha na kumwosha mume, akamkanda mkono mfu, akafungua duka, akachagua, akamimina yeye mwenyewe, vibaya kwa ushahidi wake mwenyewe, akafunga, akapika, akakanda tena. Binti yao Hiang alipiga simu kila Jumapili kutoka Guangzhou na kusema, "Pumzika, mama," kana kwamba mapumziko yanauzwa sokoni pamoja na kabichi. Guek-lang alikuwa amechoka, na hapa sina sababu ya kulipamba. Alichoka uchovu ambao usingizi hauutibu. Kuna siku alisimama mbele ya rafu na kusahau kabisa alichofuata.

Kitu kimoja kilikuwa chake peke yake. Mchana, Suan-lim akisinzia, aliingia jikoni, akavua viatu, akajipikia chai kwenye ubao kando ya sinki, kwa buli ambalo alishindwa kuliuza kwa miaka ishirini. Lilikuja pamoja na mzigo wa mabuli mazuri: nene, zito kama jiwe la kusagia, lenye doa jeusi ubavuni pale moto wa tanuri ulipolilamba. Suan-lim alilibatiza jina Kiazi. Guek-lang alikunywa vikombe vitatu kutoka Kiazi, akiwa amesimama, miguu mitupu juu ya sakafu baridi. Hapo hakuna aliyemuuliza kitu.

Ndipo ikaja simu ya Bangkok. Kaka mkubwa wa Suan-lim, Beng-hok, alihamia huko ujanani kwa baba yao mdogo, na hurudi kila baada ya miaka kadhaa kusafisha makaburi ya wazazi. Mwaka huu alikuwa na miaka sabini na sita.

"Magoti yameniambia hii ndiyo safari ya mwisho," alisema kwenye simu. "Nakuja siku tano. Nakuja kunywa chai ya mdogo wangu."

Guek-lang akapeleka habari nyuma ya pazia. Suan-lim alisikiliza akitazama ukuta.

"Mwambie nimelala."

"Anakaa siku tano."

"Mwambie nalala sana."

Guek-lang alicheka bila kutaka, halafu akamtazama usoni, akaona hatanii. Kaka yake hakuwahi kuambiwa chochote kuhusu mkono, ila kwamba "aliugua kidogo". Guek-lang alijua vizuri kilichokuwa mbele yao. Mtu akimficha uso kaka yake wa damu aliyetoka nchi nyingine kuja kunywa chai yake ya mwisho, hatamwonyesha tena mtu yeyote. Pazia lile lingekuwa ukuta, na yeye angebaki kuzunguka ukuta huo na bakuli la uji mpaka mmoja wao afe. Zilibaki siku kumi na tano.

Kinyozi hajinyoi. Mwanamke aliyewachagulia vyombo nusu ya wachumba wa mji alikaa kwenye kiti chake cha mianzi siku nzima akitazama rafu zake mwenyewe kama mgeni. Alianza na birika la maji, maana hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Buli halijali mkono: kishikio kiko nyuma, mdomo uko mbele, lishike kwa wa kulia au kwa wa kushoto, ni sawa. Lakini birika letu la udongo, lile linalokaa juu ya jiko la mkaa, kishikio chake kirefu hutoka ubavuni, kwa ajili ya mkono wa kulia. Ukilishika kwa wa kushoto, mdomo unakutazama mwenyewe, na maji ya moto yanakuja kifuani.

Akapanda basi hadi kwa Fundi Teo, mzee anayefinyanga mabirika huko Fengxi. Alimkuta na udongo hadi viwiko.

"Nataka birika," akasema, "lakini kishikio kiwe upande wa pili."

"Upande wa pili wa nini?"

"Wa kushoto."

"Mama Hiang, mkono huu umebandika vishikio upande mmoja miaka hamsini na moja. Unataka nirudi darasa la kwanza?"

"Kuna mnunuzi anatumia mkono wa kushoto."

"Mnunuzi." Fundi Teo akaanza kunawa, polepole, kidole baada ya kidole. "Huyo mnunuzi ndiye aliyemimina chai siku namwoza binti yangu. Watu sitini, vikombe vitatu, na hakuna aliyekwenda kwao akilalamika. Rudi baada ya siku saba."

 Guek-lang akainamisha kichwa, akaondoka.

Siku ya saba fundi alimwonyesha kazi yake. Alifinyanga mabirika manne. Katika mawili mkono wake ulisahau, ukabandika kishikio upande wa mazoea. La tatu lilipasuka tanuruni. La nne lilikuwa zima, jepesi, la rangi ya mchanga, na kishikio chake kilitoka upande ambao macho hayakuzoea kukitafuta. "Sikulipiga muhuri wangu," akasema. "Watu wasije wakasema Teo kazeeka hajui kulia na kushoto." Bei hakutaka hata kuisikia.

Lililobaki lilikuwa rahisi, au Guek-lang alidhani hivyo. Alipanda kigoda, akateremsha buli lililokaa rafu ya juu kabisa miaka miwili bila kupata mnunuzi wa kulistahili. Kuta zake zilikuwa nyembamba kama ganda la yai; ukilibeba unajiuliza kama umelibeba. Akachagua vikombe vitatu vyembamba kuliko vyote, vyeupe, vya kuonyesha rangi ya chai. Akabadilisha hata upepeo wa jiko, akaweka wa manyoya machache ya bata bukini. Kila kitu chepesi. Mkono dhaifu upewe kitu chepesi, nani asiyejua hilo? Alipovipanga kwenye sinia alijisifu moyoni kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi. Kumbe hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa ujuzi wake wote wa miaka thelathini na sita.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kufungua duka, akamtoa Suan-lim nyuma ya pazia kwa maneno matamu na kwa kumvuta mkanda. Mkaa wa kokwa za zeituni ulikwisha kushika, haukutoa moshi. Suan-lim akaliona birika. Akalinyooshea mkono wa kushoto, akaliinua, na maji yakashuka ndani ya buli bila kupotea tone. Akalitua, akalitazama kwa muda.

"Nani kalitengeneza?"

"Fundi Teo."

"Anajua?"

"Anajua."

 Suan-lim akaweka kifuniko juu ya buli, akaliinua, na kifuniko kikaanza kugongana na ukingo, ta-ta-ta-ta, kama meno ya mtu mwenye homa. Kadiri buli lilivyokuwa jepesi, ndivyo mkono ulivyopata nafasi ya kuruka. Ukuta wa ganda la yai ukapitisha moto wote, ukamchoma vidole. Chai ikaenda kwenye sinia, kwenye meza, kwenye mkono wa shati. Kikombe cha tatu kikabaki kikavu. Akajaribu tena. Ta-ta-ta-ta. Akajaribu mara ya tatu, kisha akalitua buli taratibu sana, kwa sababu hata akiwa na hasira hawezi kulitesa buli.

"Umenichagulia vitu vya mgonjwa," akasema.

"Nimekuchagulia vilivyo bora dukani."

"Vyepesi. Kila kitu chepesi, mpaka upepeo. Kila anayeingia hapa unamuuliza, nani atamimina. Unamtazama mikono. Mimi hukuniuliza."

Maneno hayo yalimwingia Guek-lang vibaya, kwa kuwa yalikuwa kweli, na ukweli ukikukuta umechoka unaupokea kama tusi.

"Nikuulize saa ngapi?" akasema. "Nikiwa nakuosha? Nikiwa napanda basi kwenda Fengxi? Nimechoka, Baba Hiang. Nimechoka hata nikilala naota nimechoka. Ukitaka kulala kaka yako akija, lala. Nitamwambia umelala. Nitamwambia na mimi nimelala."

Akalisuuza lile buli kwa maji ya moto, akalifunga kitambaa, akapanda kigoda, akalirudisha rafu ya juu kabisa, mahali pake. Birika akaliacha jikoni, juu ya jiko la mkaa alilolirudisha huko. Siku mbili zilizofuata nyumba ilizungumza habari za dawa na uji tu.

Zilipobaki siku mbili mgeni afike, Guek-lang aliamkia sokoni. Alihitaji samaki, karatasi za kuchoma makaburini na mikate myekundu ya wali ya kuwapelekea marehemu. Foleni za msimu huo unazijua: kila aliyezaliwa na mtu aliyekufa yumo ndani yake. Alisimama hadi nyayo zikawaka moto. Aliporudi kichochoroni ilikuwa yapata saa nne, na mshona viatu akamwinulia sindano.

"Una mgeni."

"Mgeni gani?"

"Mzee mwenye kofia na sanduku la magurudumu. Kaingia kitambo."

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wahenga hawakumtaja mgeni anayewahi siku mbili.  Guek-lang alimfikiria Suan-lim kitandani, pazia limefungwa, kaka yake anaita dukani, na hakuna mtu wa kusema amelala. Akaharakisha kwa miguu isiyotaka kuharakishwa. Mlangoni akasimama, akatega sikio, akitarajia ule mgongano wa kifuniko, kama wa meno. Hakuusikia. Alisikia maji yakimiminika, basi.

Ndani, mbele ya sinia la chai, Beng-hok alikuwa ameketi na kofia yake magotini. Mbele yake alikuwa Suan-lim, mkongojo umeegemezwa ukutani. Jiko lilikuwa limewashwa, birika la kushoto liko juu yake. Na katika mkono wa kushoto, Suan-lim alikuwa ameshika Kiazi.

Kisa chenyewe alikipata baadaye kwa Beng-hok. Alibisha, akaita, hakujibiwa, akalifungua pazia mwenyewe, kwa kuwa kaka mkubwa haombi ruhusa. "Nikamkuta kakaa kitandani macho kodo. Nikamwambia, mwanamume, koo limenikauka tangu Bangkok." Aliuona ule mkono, hakuuliza. Suan-lim akainuka. Buli la ganda la yai lilikuwa juu, na mkongojo na kigoda havipatani. Rafu za chini zilikuwa na mabuli ya kuuza, na mabuli ya kuuza hayatiwi majani. Jikoni, kwenye ubao kando ya sinki, palikuwa na buli moja tu, na lilikuwa na harufu ya chai tangu zamani. Jiko na birika alivibeba Beng-hok.

Uzito wa Kiazi uliukalia ule mkono ukautuliza. Mkono uliorukaruka na ganda la yai haukupata pa kurukia. Ukuta mnene haukuchoma haraka, na kifuniko, kizito kama kizibo cha mtungi, kilizama mahali pake na kunyamaza. Haikuwa kazi ya zamani. Matone yalianguka pembeni, lakini sinia la chai lina matundu kwa ajili hiyo hiyo.

"Shemeji," akasema Beng-hok bila kuinuka, "buli kama hili mlilificha wapi?"

"Hilo la jikoni, shemeji."

"Basi akili ya nyumba hii iko jikoni."

 Guek-lang alisimama na mfuko wa samaki mkononi. Suan-lim alimtazama, akalitazama buli. Walikuwa wamefika maji ya tatu, pale ambapo jani limefunguka sawasawa na ladha yake ndiyo kwanza inatoka. Suan-lim akafunua kifuniko, akakiweka chali, akakiinamisha Kiazi juu ya bakuli la makapi, akaanza kuyagonga majani yatoke. Yaliyong'ang'ania ndani akayachokoa kwa kijiti, kwa mkono wa kushoto, moja moja.

Guek-lang akaelewa, na damu ikampanda usoni. Mjini kwetu mgeni mpya akiingia, majani hubadilishwa, hata kama yamemiminiwa mara moja tu. Kumpa mabaki ya wenzake ni kumwambia hukutarajiwa. Lakini yeye hakuwa mgeni. Miaka thelathini na sita alikunywa alichokikuta: maji ya tano, maji ya nane, alfajiri chai iliyolala. Hakuna mtu aliyewahi kumbadilishia majani, naye hakuwahi kufikiri kwamba yanaweza kubadilishwa kwa ajili yake.

"Majani hayo bado mazima," akasema. "Mnayafuja."

"Kaa," akasema Suan-lim.

"Samaki ataharibika."

"Samaki atasubiri. Kaa."

Beng-hok alisogea, akaacha wazi kiti kinachotazamana na mmiminaji, kiti cha mgeni. Guek-lang akaketi, samaki mapajani. Suan-lim akatia majani mapya, mengine yakamwagika. Akainua birika, akamimina, akakwangua povu kwa kifuniko, akafunika, akakimwagia Kiazi maji ya moto mgongoni, akavisuuza vikombe. Kila jambo lilifanywa peke yake, na baada ya kila jambo mkono ulipumzika. Kisha akazunguka vikombe vitatu, duara baada ya duara. Havikulingana, kilichokuwa karibu naye kilikuwa cheusi zaidi. Akamaliza matone, akasukuma kikombe cha kwanza mbele ya mkewe kabla ya kaka yake. Beng-hok alitazama dari.

Guek-lang akagonga meza kwa vidole viwili, kama anavyoshukuru mgeni, akanywa kwa mafunda matatu. Chai ilikuwa chungu pande zote mbili za ulimi, kwa sababu mkono wa polepole uliyaacha majani yakae sana. Mteja angemimina hivyo, angemkosoa hapo hapo.

"Chungu?" Suan-lim akauliza.

"Chungu."

"Kesho nitawahisha."

Hilo neno, kesho, Guek-lang hakulisikia kinywani mwake tangu mwezi wa kumi. Akakitua kikombe kwa uangalifu, asije akalitikisa.

Ndugu wawili wakaanza habari za makaburi, za njia iliyoota nyasi, za mama yao aliyekuwa mkali kwa waliosafisha nusunusu. Guek-lang alisikiliza kwa sikio moja. Alikitazama Kiazi chake pale juu ya sinia, mbele za watu, na doa lake jeusi. Jikoni hakitarudi tena. Jambo hilo lilimuuma, na hakujilaumu kuumwa. Ndicho kitu pekee alichokuwa nacho. Itabidi siku moja ajichagulie buli, na hapo atajiuliza lile swali kama mteja mwingine yeyote. Siku moja, si leo. Chini ya meza akavua viatu. Utamu wa ile chai, ambao kwa kawaida huja nyuma ya uchungu, ulimfikia kooni umechelewa, na pamoja nao macho yakaanza kujifumba.

"Hodi? Mama, nimerudi." Ilikuwa sauti ya bibi-arusi wa kaskazini, kutoka mlangoni. "Nimekirudisha kile kikombe cha nne. Baba mkwe amekataa kata kata. Anasema kwani nyumbani kwake kuna hoteli?"

Guek-lang aliisikia kana kwamba mtu anaita kutoka ng'ambo ya mto. Alijua inampasa ainuke. Alijua hata kikombe kile kinakaa rafu gani. Miguu haikutingishika. Akasikia Kiazi kikitua kwenye sinia.

"Rudi kesho, mwanangu," akasema Suan-lim kwa sauti ya chini. "Mwenye duka amelala."

Alikuwa hajalala bado. Lakini kwa kuwa lilikwisha kusemwa, hakufumbua macho, akalala.